Nahodha na Pilipili Chini ya Paa Moja

9 Januari

Kwako mdogo wangu,

Salamu kwanza, malalamiko baadaye. Sisi huku wazima. Mwanao Kibonge ameongeza mashavu mpaka nimelegeza lastiki za sketi zake zote. Asubuhi anakuja chumba cha kushonea, anakaa chini ya meza ya kukatia vitambaa, anaokota vifungo na kuvipanga mstari. Akikukumbuka anakwenda kunusa lile shati lako lililo nyuma ya mlango, kisha anaendelea na shughuli zake. Halii. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kabla hujasoma lingine.

Mke wa mwalimu mkuu amerudisha mapazia yake mara ya tatu. Sasa anasema ni marefu. Nimemwambia basi ainue nyumba.

Haya, mbwa wako. Sikutaka kukuchosha hata miezi miwili haijaisha tangu uingie chuoni, lakini Pilipili na Nahodha wangu hawapikiki chungu kimoja. Miaka minane Nahodha ameitawala nyumba hii, tangu nilipompa jina la kiume kwa uvivu wa kumgeuza nione kwamba ni jike. Pilipili alipokuja alikuwa kitoto, akijilaza chali mbele yake, mambo yakaenda. Sasa amekuwa jike zima na hajilazi tena. Mteja akibisha hodi wanatimka wote wawili, wanakutana kwenye ule ujia mwembamba, na hapo ndipo mabega yanapogusana. Juzi walikamatana. Nahodha amechanika sikio. Pilipili hana adabu, na nakuambia hivyo kwa upendo.

Nawatendea haki sawasawa, kama tulivyolelewa. Nikimpapasa mmoja, na mwenzake papo hapo. Chakula wakati mmoja, mahali pamoja. Haisaidii.

Huna mtu wa kumchukua Pilipili mpaka umalize kozi?

Ni mimi dada yako

28 Januari

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Barua yako imekuja na gari la dawa, juu ya maboksi ya glavu. Ndiyo njia pekee ya kuaminika. Simu inashika ukipanda mpaka kwenye tangi la maji, na hata huko inakatika katikati ya salamu.

Mimi mzima. Tunalala wanane chumba kimoja, na anayelala juu yangu anasoma sehemu za mwili kwa sauti usingizini. Wiki hii nimepokea mtoto kwa mikono yangu mwenyewe, mkunga mkuu akiwa amesimama nyuma yangu bila kugusa kitu. Nilipotoka nje nilinawa mikono mara ya pili. Nilitaka kukimbilia kwako nikakusimulie.

Dada, tafadhali, hivyo vifungo. Asiviweke mdomoni. Najua unamwona, lakini ukigeuka kuweka uzi sindanoni, nani anamwona?

Kuhusu mbwa nimewaza sana. Unakumbuka marehemu Mama alivyotufanyia tulipogombana? Sinia moja, mimi huku na wewe kule, na hakuna kuinuka mpaka limalizike. Tulinuna, lakini tuliinuka tumepatana. Labda na wao wanahitaji hivyo, kwamba wasile sehemu moja tu bali chombo kimoja. Jaribu.

Kuhusu kumpeleka kwa mtu, Pilipili aliingia nyumbani ndani ya koti la baba Kibonge, kichwa kikichungulia kwenye kola. Ndilo koti alilozikwa nalo. Sina la kuongeza hapo.

Mbusu Kibonge kwenye shingo, pale panapomchekesha.

Mdogo wako

4 Machi

Mdogo wangu,

Sote salama. Nimechelewa kujibu, kazi zimebana. Sinia nimelijaribu, halikufaa. Vifungo nimevipandisha rafu ya juu.

Kibonge mzima. Usiwe na wasiwasi.

Dada

16 Machi

Dada, shikamoo.

Hapa wazima. Mvua imeanza na vyandarua vimetoka matundu, ndiyo habari zote nilizonazo, kwa sababu tangu juzi sijashughulika na kingine zaidi ya barua yako.

Mistari sita. Wewe, unayeweza kuandika ukurasa mzima kuhusu zipu! Halafu herufi zimelala upande wa kushoto, na "k" zako zinatetemeka. Nimeweka ile ya Januari na hii bega kwa bega dirishani. Mwenzangu wa kitanda cha juu ameziangalia akasema zimeandikwa na watu wawili. Nimesema hapana, ni mikono miwili ya mtu mmoja.

Mkono wa kulia umefanya nini? Kama ni kuumwa na mbwa, umeoshwa kwa maji mengi na sabuni, muda mrefu, siyo kuchovya tu? Ulikwenda hospitali? Uliwaonyesha kadi za chanjo za mbwa? Vidole vinakunjika?

Na umeniandikia nisiwe na wasiwasi. Wewe hujawahi kuniambia hivyo maishani mwako. Umezoea kuniambia nikae na wasiwasi wangu mwenyewe, wewe una wako. Sasa ninao wote.

Kibonge alikuwa wapi? Nijibu hilo kwanza, hata kama hutajibu mengine.

Mdogo wako

1 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Kibonge alikuwa juu ya meza ya kukatia. Nilimweka pale kabla sijaanza, kwa hiyo hakuguswa hata na upepo. Ila aliona.

Mkono unapona. Kuandika kwa kulia naweza tena, kama unavyoona, ingawa nikifika chini ya ukurasa kidole cha shahada kinakuwa cha mtu mwingine. Uliyoyauliza yote yalifanyika. Hospitali walinishona nyuzi saba, nikamwambia yule kijana aliyenishona kazi yake haina mstari, akaniambia niangalie ukutani. Mapazia ya mke wa mwalimu mkuu amemalizia jirani. Sasa ni mafupi.

Nilichukua sinia la Mama, lile lenye ua la bluu, nikajaza nyama na mifupa, nikawaita kwa sauti ya Mama. Hata ile ya kutaja jina mara mbili nikaiiga. Sisi tulinuna. Wao hawakununa. Walisimama kimya wamekaza miili, nami nikafurahi, nikadhani wametulia. Sikuona vizuri nani alianza. Nikaingiza mkono. Mtu mzima, mwenye akili zangu timamu, nikaingiza mkono katikati ya midomo miwili nikisema "jamani, jamani". Jino lilikuwa la nani sijui.

Nilimwita daktari wa mifugo. Alikuja na pikipiki, mtu mrefu asiye na haraka. Nilipomweleza habari ya sinia aliinama akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Mama," akasema, "hawa siyo watoto waliogombea mwanasesere. Majike wawili wakishafika kwenye damu, wengi hawarudi nyuma. Kazi yako siyo kuwapatanisha. Kazi yako ni kuwatenga."

"Hata nikiwatendea sawa?"

"Hiyo sawa yako ndiyo inayowaweka pua kwa pua mbele ya kitu wanachokigombea. Nacho ni wewe."

Sijawahi kugombewa na mtu, mdogo wangu. Nilikaa chini.

Akasema wakikamatana tena mikono ibaki mbali. Nipitishe kati yao ubao, kiti, blanketi, chochote kisichokuwa nyama, kisha kila mmoja na mlango wake. Pilipili afungwe kizazi, kwa sababu ugomvi ulichacha karibu na siku zake za kutaka dume. Akanisihi nisitegemee hilo peke yake. Alipompapasa Nahodha nyonga, mbwa akapiga kelele. Nyonga zinamuuma, kumbe. Amepewa vidonge.

Tangu hapo nyumba inaishi kwa zamu. Asubuhi Nahodha yuko nami chumba cha kushonea, Pilipili yuko nyuma. Baada ya chakula cha mchana tunabadilishana. Kati yao kuna milango miwili imefungwa kila wakati, na seremala ametia makomeo juu. Kabla ya kufungua unaita "Mlango!" na unasubiri. Nauota huo mlango. Nikiwa sokoni nasimama katikati ya watu najiuliza kama nimeurudishia. Kibonge naye anaita. Jana aliliambia kabati.

Usilie. Nakuona kutoka hapa.

Dada yako

24 Aprili

Dada yangu, shikamoo, na pole, na pole tena.

Mimi ndiye niliyekuambia ulete sinia. Nimelisoma hilo neno mpaka karatasi imelegea. Hujanilaumu hata kwa nusu mstari, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Ungenitukana ningelala.

Mkono uukande kwa maji ya uvuguvugu, ukunje na kukunjua vidole, hata kama inauma. Usisubiri upone wenyewe.

Nina maswali mawili. La kwanza, nani anaanza? Si lawama. Mkunga mkuu hapa alifuga mbwa zamani, nimemsimulia, akaniuliza hilo kwanza kabisa. Anasema kama kila mara ni yule yule, kuna la kufanya. Wewe unasema hukuona vizuri. Dada, wewe unaona mshono uliopinda ukiwa ng'ambo ya barabara.

La pili siyo swali. Nimekuwa nikilizungukia tangu Februari. Kozi imesogezwa. Hatumalizi Agosti, tunamaliza Novemba, kwa sababu wakufunzi wawili wameondoka. Nilijua kabla ya barua yako ya mistari sita. Sikuandika kwa sababu niliogopa utasema huwezi, na sikujua ningefanya nini ukisema.

Sasa nasema mimi. Nikiacha leo naweza kufika kwenu wiki ijayo. Ukunga utakuwepo tu. Sema neno moja, nafunga sanduku.

Mdogo wako

12 Mei

Kwako wewe mjinga,

Fungua hilo sanduku. Utoe nguo moja moja uzitundike.

Ukirudi na nusu ya ukunga utampokea nani, nusu ya mtoto? Miaka mitatu baada ya mazishi ya mumeo nilikuwa nakusukuma utoke kitandani, na ile siku uliyojaza fomu za chuo nilikwenda chooni nikacheza. Sijakuambia. Hutarudi kwa sababu ya mbwa. Novemba ni Novemba. Ulikosea kunificha, nami nilikuficha mkono, tumetoka sare.

Habari nyingine ni hizi. Pilipili amefungwa kizazi na kidonda kimekauka. Amevaa kola ile pana ya kuzuia kulamba, anagonga kila kitu. Mchana yeye na Kibonge wanalala kwenye mkeka mbele yangu, mtoto ameshika sikio lake, nami nakanyaga cherehani polepole ili nisiwaamshe. Nahodha nyuma ya mlango anasikiliza. Naona kivuli cha pua yake pale chini. Hasogei mpaka zamu yake ifike.

Kibonge amerefuka. Gauni la njano nililomshonea Januari limekuwa blauzi. Juzi nimemkuta amesimama kwa ncha za vidole mbele ya mlango, ananyoosha mkono kuelekea juu. Hajafikia. Nimemwita seremala apandishe komeo zaidi, anasema akipandisha zaidi nitaanza kupanda ngazi mimi.

Nakaza uzi huku shingo imegeukia mlangoni. Wateja wanadhani nina makengeza.

Soma. Kula. Usifunge sanduku.

Dada yako

2 Juni

Dada, shikamoo.

Hatujambo. Mtihani wa kwanza umepita, nimekuwa wa nne. Nilitaka iwe habari ndefu, lakini nakimbizana na gari.

Hukunijibu nani anaanza. Nimeisoma barua mara nyingi nikitafuta labda umejibu kwa upande. Hukujibu, na kwa hiyo nimejijibu mwenyewe. Ni Pilipili. Ungesema tangu siku ya kwanza, isipokuwa umeona nilivyoandika kuhusu koti.

Nimeamua. Dereva wa gari la dawa ana dada mwenye shamba, hana mbwa, ana ua mkubwa wenye uzio. Tarehe ishirini atapita hapo kwenu kumchukua Pilipili. Mpe blanketi lake la bluu, na mwambie dereva kwamba anaogopa fagio. Kibonge mwambie chochote, wewe unajua kumwambia.

Koti ni koti, Dada. Baba yake Kibonge angekuwa wa kwanza kusema mtoto ni mtoto. Nimekuwa nikishikilia mbwa kama kitasa cha mlango wa chumba ambacho hakuna mtu ndani. Najua. Sijalala wiki hii, lakini najua.

Ile picha ya Kibonge akinyoosha mkono hainitoki machoni. Mfunge kamba ikibidi.

Mdogo wako

11 Juni

Kwako mdogo wangu,

Kibonge mzima. Amekula, amekojoa kitandani, amenikana mbele ya mgeni. Mzima kabisa. Sasa kaa chini ndipo usome.

Barua yako imefika jana. Tayari ilikuwa imechelewa.

Tarehe 29 Mei, asubuhi, nilikuwa nampima bibi harusi kiuno. Pini nne mdomoni. Nahodha alikuwa chini ya meza, Pilipili nyuma, milango imefungwa, nilikuwa nimeikagua. Mwanao aliburuta kapu la vitambaa, akapanda juu yake, akafungua komeo la kwanza. Kisha akaliburuta mpaka la pili. Aliita "Mlango!" vizuri kabisa, kwa heshima zote, akafungua. Alikuwa anamleta rafiki yake aone bibi harusi.

Pilipili aliingia anatikisa mkia. Nahodha alitoka chini ya meza bila kunguruma wala kubweka, akapita kati ya miguu ya mteja. Mimi na pini zangu sikuweza hata kupiga kelele. Kibonge alianguka katikati yao.

Nilitumia meza ya pasi. Niliisukuma kati yao kwa tumbo, bibi harusi akamrushia Nahodha kitambaa kizima cha shela, na Mungu ambariki, akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja. Pilipili amechanika bega, ameshonwa. Gauni la Kibonge lilipasuka mkono, kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko. Ndani yake hapakuwa na mkwaruzo. Nilimvua nguo zote nikamkagua kama unavyokagua kitambaa cha bei mbaya, mbele, nyuma, katikati ya vidole, kisha nikaanza upya. Hakuna kitu. Yeye alikuwa analia kwamba gauni limekufa. Nimejaribu kulishona. Mashine inafanya kazi, mimi ndiye siwezi.

Umejijibu vibaya. Pilipili hajawahi kuanza, hata mara moja. Kwenye ujia ni Nahodha, kwenye sinia ni Nahodha. Nilijua tangu Januari. Kila nilipoandika nililiweka jina la mbwa wako kwa sababu la wangu lilikataa kutoka kwenye kalamu. Ni mzee, nyonga zinauma, na nyumba ilikuwa yake. Niliona kila mara, nikasema sikuona vizuri.

Daktari wa mifugo alinitafutia mtu wa kumchukua Nahodha. Ni mwoka mikate wa upande wa pili wa soko, mjane, hana mtoto wala mbwa mwingine, mtu wa kuongea peke yake. Tarehe 4 nilimpeleka mwenyewe, na mkeka wake, na vidonge vyake. Alitembea mbele yangu amefurahi, akisimama kila kona kunisubiri nyonga zake zikimruhusu. Alidhani ni matembezi. Nilipoinuka kuondoka aliketi mlangoni, akaniangalia kama anavyofanya nikienda dukani, anajua narudi. Mwoka mikate anasema amekaa pale mpaka tanuri likapoa. Sasa anakula. Anapanda kitandani, jambo nililomkataza miaka minane, na yule mzee anamruhusu.

Mwambie dereva asije. Pilipili amelala hapa kwenye mkeka, na mwanao juu yake. Milango yote iko wazi. Sijazoea. Bado naita kabla ya kupita, halafu nasimama nikikumbuka hakuna wa kusubiri.

Nikienda sokoni nazunguka kwa njia ya nyuma, nisipite kwenye tanuri, kwa sababu Nahodha anajua mwendo wangu.

Nina ombi moja, nalo siyo la utani. Usinishukuru. Usiandike asante, wala pole, wala kwamba nimefanya jambo kubwa. Nikiliona neno hilo kwa mwandiko wako nitavaa viatu na kwenda kumrudisha. Niandikie nani alikuwa wa kwanza, wa pili na wa tatu kwenye huo mtihani, na kwa nini siyo wewe.

Dada yako